“Bado?”: Swali Wanaloulizwa Mabiharusi, na Historia Yake Hapa Unguja



Mwezi uliopita alikuja dukani kwetu biharusi mmoja tuliyemshonea sisi wenyewe gauni la harusi mwaka jana. Safari hii alileta kitambaa cha kushonea nguo ya shughuli. Tukampima, tukaandika, halafu akatwambia, “Hapa mbele likateni pana.” Akaonesha tumbo. Sisi bila kufikiri tukaripuka, “Mashaallah! Hongera!” Akanyamaza. Baadaye akasema polepole, “Hapana dada, sina kitu. Nataka lisinishike tumbo, maana kila nikenda shughulini watu wananitazama hapa kabla ya kunitazama usoni.”

Ndoa yake ilikuwa na miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne tu! Na katika muda huo ameshaulizwa “bado?” na mavyaa, na mawifi, na majirani, na muuza maandazi, na sasa na mafundi wake wa nguo. Tuliona haya sana. Ndiyo maana tumeketi kuandika haya. Hatutaki kumtetea yeye peke yake. Tulitaka kujua swali hili limetoka wapi, nani aliulizwa kabla yetu, na majibu yalikuwa nini. Tumesoma tulivyoweza, tumeuliza wanaojua kuliko sisi, na tuliyoyapata yametushangaza.

Tuanze Mtoni, pale kwenye magofu ya jumba la kifalme, njia ya kwenda Bububu.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Mmoja wao ni Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake huko Ujerumani. Wengi mmeona chumba chake pale Beit al-Sahel, Forodhani. Salme anamwelezea mama mkubwa wa jumba la Mtoni, Bibi Azza binti Seif, binti wa kifalme kutoka Oman na mke mkuu wa baba yake. Kimo chake kilikuwa kifupi, sura yake ya kawaida, lakini nyumba nzima ilikuwa ikimtetemekea, na mume wake mwenyewe alikuwa akimsikiliza. Na Bibi Azza hakuwa na mtoto hata mmoja.

Hebu fikiria. Watoto wa mumewe wamejaa uani, kila mmoja na mama yake, na yeye mkononi hana kitu. Lakini ndiye aliyekuwa na amri. Hatusemi alikuwa na furaha, moyo wa mtu ni msitu, na Salme mwenyewe alimwona mkali na mwenye majivuno. Tunasema tu kwamba katika nyumba iliyokuwa na watoto wengi kuliko zote Unguja, heshima ya mwanamke haikupimwa kwa tumbo lake. Alikuwa na ukoo, alikuwa na mali, na alikuwa na ndoa halali. Mambo hayo matatu yalimtosha kusimama.

Waliokuwa hawana mambo hayo matatu hali yao ilikuwa tafauti, na hapa historia inauma. Masuria wa nyumba kubwa walikuwa watumwa. Kwa sharia, suria akimzalia bwana wake anakuwa umm walad: hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto naye anazaliwa huru na anarithi kama wenzake. Mama yake Salme alikuwa mmoja wao, mwanamke wa Kicherkesi. Kwa mwanamke kama yule, mimba ilikuwa ni cheti cha uhuru. Unaweza kukisia alivyokuwa akisubiri kila mwezi.

Sasa mtoke Mtoni mwende mashambani, kwenye mikarafuu. Huko walikuwapo wanawake walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Mtumwa aliyezaa na mtumwa mwenzake alimzaa mtumwa, mali ya bwana wa mama. Wanahistoria kama Abdul Sheriff na Frederick Cooper wameandika jinsi mashamba ya karafuu yalivyotegemea watu wapya wanaoletwa kila mwaka. Walioletwa walikufa wengi, na watoto waliozaliwa hapa hawakutosha kushika nafasi zao. Kazi ngumu, maradhi, kutenganishwa na waume, na nani anajua nini kingine kilichokuwa moyoni mwa mwanamke anayejua mtoto wake atakuwa wa nani. Soko la watumwa lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, lakini utumwa wenyewe uliendelea.

Kuna jambo moja lililotustaajabisha. Ilipotoka amri ya 1897 ya kuondoa hadhi ya utumwa, masuria waliwekwa kando. Walihesabiwa kama wake wa nyumba, wabakie walipo, isipokuwa kama wanafanyiwa ukatili. Lakini suria ambaye hakuzaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahkama. Aliyezaa alibaki. Masuria wote walikuja kupata ruhusa ya kudai uhuru mwaka 1909. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mbili hapa kwetu, mwanamke asiyezaa alikuwa na mlango ambao mwenzake aliyezaa hakuwa nao. Hatujui wangapi waliupita.

Baada ya hapo waliingia Waingereza na hesabu zao. Wao walitaka watu wa kuchuma karafuu, na wakaona watu hawaongezeki kama walivyotarajia. Hesabu ya watu ya 1931 ilikuta 235,428 Unguja na Pemba pamoja. Ya 1948 ikakuta 264,162. Miaka kumi na saba, na nyongeza haifiki hata watu elfu thelathini, na baadhi yao ni wageni waliohamia. Leo idadi hiyo unaikuta katika shehia chache za Mjini.

Wasiwasi ulikuwa mkubwa, na wenye wasiwasi wakatafuta wa kumlaumu. Mkiangalia maandishi ya maofisa wa zama zile, lawama mara nyingi inamwangukia mwanamke: tabia zake, ngoma zake, mkunga wake, uchafu wa chumba chake. Mkunga wa jadi ndiye hasa aliyebebeshwa mzigo. Mwaka 1918 ikaundwa hapa mjini Jumuiya ya Uzazi ya Zanzibar, kwa fedha nyingi kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, ili wanawake wapate wakunga waliosomea. Ilifanya kazi mpaka miaka ya 1940, na tunaamini ilisaidia wengi kuvuka siku ile ngumu. Lakini mkunga, awe amesomea au hakusomea, anamhudumia mwenye mimba. Yule ambaye mimba haiji kabisa hakuwa na pa kwenda ila kwa mganga.

Na mimba kwa kweli hazikuwa nyingi. Mtaalamu wa hesabu za watu anayeitwa J. G. C. Blacker aliichambua sensa ya Zanzibar ya 1958, akachapisha mwaka 1962 kuhusu tafauti za uzazi baina ya jamii za visiwani. Katika ramani ya uzazi ya Afrika iliyochorwa miaka hiyo, pwani yetu na visiwa vyetu vilionekana kuwa na uzazi mdogo kuliko sehemu nyingi za bara. Nani angedhani? Sisi tuliokua tukiambiwa “wazee wetu walikuwa wakizaa kumi na mbili bila shida” tulilisoma hili mara mbili.

Kwa nini? Jibu bora tulilolipata limetoka mbali kidogo, Kongo. Miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, ulifanyika uchunguzi mkubwa wa kaya, na mtaalamu Anatole Romaniuk akaufanyia kazi. Katika sehemu za kaskazini mwa Kongo, kama Uele na Tshuapa, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano waliofika umri mkubwa hakuwahi kuzaa kabisa. Kwa kawaida, katika jamii yenye afya, wanawake wa namna hiyo ni wachache sana, wawili watatu mpaka watano hivi katika mia. Watu walisema ni laana, wengine wakasema wanawake wa huko ni wahuni. Wataalamu waliofuatilia wakaona sababu kubwa ni kisonono. Maradhi haya kwa mwanamke mara nyingi hayatoi dalili. Yanapanda ndani kimya kimya, yanaziba mirija ya uzazi, na siku anapolitambua jambo lenyewe, mirija imeshaziba.

Na kisonono hakiji chenyewe ndani ya nyumba. Kinaletwa. Mji wetu ulikuwa bandari, na bandari ni mabaharia, wachukuzi, wafanyabiashara wanaokaa msimu mmoja wakingoja pepo zigeuke. Mwanamke aliyetulia nyumbani kwake, mwenye baibui lake na mume wake mmoja, aliweza kupata maradhi bila kosa lolote, akakosa mtoto bila kosa lolote, kisha akaachwa kwa sababu hazai. Mume akaoa mwengine. Na huyo mwengine naye “hakuzaa”. Tusiseme kila mgumba wa zama zile alipata hivyo. Kulikuwa na malaria ya kuharibu mimba, kulikuwa na safura na upungufu wa damu, na kuna wale ambao Mwenyezi Mungu hakuwaandikia tu. Lakini ilipoanza kupatikana penisilini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kisonono na kaswende vikatibika kwa sindano, uzazi ulipanda katika sehemu nyingi za Afrika zilizokuwa na uhaba wa watoto. Ilitibiwa maradhi, na “laana” ikaondoka.

Hapa tuseme kitu kuhusu lugha yetu. Neno “tasa” tunalitumia kwa mwanamke na kwa ng'ombe jike. “Mgumba” anaweza kuwa yeyote, lakini sikilizeni mtaani muone mara ngapi limetumika kwa mwanamume. Mwanamume asiyezalisha hatuna neno lake la haraka haraka. Hata wataalamu wa hesabu wana kasoro hiyo hiyo: karani wa sensa akija nyumbani anamuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamefariki. Mwanamume haulizwi. Kiwango cha uzazi cha nchi nzima kinatajwa kwa wastani wa watoto kwa kila mwanamke. Ni njia nzuri ya kuhesabu, hatubishi, kwa sababu mama ndiye mwenye uhakika. Lakini baada ya miaka mia ya kuhesabu namna hiyo, si ajabu watu kuona kuwa uzazi ni mambo ya mwanamke peke yake.

Madaktari wanasema vyengine. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba duniani kote takriban mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hilo, mwanamume naye ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chake ni rahisi kuliko cha mwanamke. Hakina sindano, hakina picha ya mirija, majibu hayachukui muda. Bado tunawajua wanawake waliozunguka hospitali tatu na waganga wanne, na mume hajapima hata mara moja. Mmoja alitwambia aliambiwa na wakwe, “Mwanetu ni mzima, mbona anakula?”

Turudi kwenye historia. Kuna upande mwengine wa hofu ya wazee wetu ambao hauhusiani na kukosa mimba. Walizaa na wakazika. Bibi zetu mkiwauliza wanahesabu hivi: “Nimezaa tisa, ninao watano.” Zamani zaidi ilikuwa mbaya zaidi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu hapa mjini na mashamba. Daktari James Christie, aliyekuwa hapa wakati ule, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1876. Sayyid Barghash alipoleta maji safi ya mfereji mjini kutoka chemchem za kaskazini mwa mji, alifanya kazi iliyookoa watoto wengi kuliko dawa zilizokuwepo wakati ule. Kwa hiyo mama wa zamani alipomhimiza biharusi azae upesi na azae wengi, hakuwa mkorofi. Alikuwa anapiga hesabu: wanne wa kuzika, wanne wa kubaki.

Malaria ndiyo iliyokuwa ikichukua wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kampeni kubwa ya kupiga dawa ya DDT majumbani ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, malaria ikashuka sana, kisha 1968 kampeni ikasimama na malaria ikarudi. Wazee wa miaka ya 70 na 80 wanajua ilivyorudi. Safari ya pili ilianza 2003, kwa dawa mseto mpya, kisha vyandarua na upigaji dawa majumbani. Watafiti waliofuatilia wilaya ya Kaskazini A hapa Unguja waliona vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Nusu! Kwa miaka mitatu! Someni tena, dada zetu, kisha mfikirie ni vikao vingapi vya tanga ambavyo havikukaliwa Nungwi na Mkokotoni.

Na watoto wakibaki hai, hesabu zinageuka. Sensa ya 1958 ilikuta watu 165,253 Unguja peke yake. Ya 2022 imekuta 1,346,332. Ni mara nane, katika umri wa mtu mmoja ambaye hajawa mkongwe. Zanzibar nzima sasa ni 1,889,773, na kati ya 2012 na 2022 tumeongezeka watu 586,204, zaidi ya mara mbili ya watu wote waliokuwepo visiwani mwaka 1948. Si uzazi tu, wapo wengi waliohamia kutoka bara kwa kazi za utalii na ujenzi. Lakini mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, na mkipita Darajani mchana wa kuamkia Idi mnaamini bila kuonyeshwa karatasi.

Kwa hiyo kisiwa kilichoogopa kubaki kitupu sasa kinaogopa kujaa. Wanaojenga wamefika mpaka kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi. Utafiti wa afya wa 2015–16 ulikuta wastani wa watoto 5.1 kwa kila mwanamke Zanzibar. Wanaotaka kupanga uzazi, wanaotaka wengi, hilo ni la mtu na mume wake na dini yake, na hatulitolei hukumu hapa. Tunachokiona cha kuchekesha kidogo ni hiki: hofu imekwisha kubadilika kabisa, lakini swali ni lile lile. Anayezaa mtoto wa sita anaulizwa “tena?” na asiyezaa anaulizwa “bado?”. Anayeulizwa ni mwanamke huyo huyo.

Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba mtoto ni wa kukuangalia uzeeni. Mgumba atazeekea wapi? Zamani jibu lilikuwa kulea mtoto wa ndugu, na mpaka leo nyumba nyingi za Unguja zina mtoto wa aina hiyo, anayemwita shangazi yake mama. Kwa asiye na mtu kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Na tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inampa kila mzee Mzanzibari aliyefika miaka 70 pensheni ya kila mwezi, ilianza na shilingi 20,000. Si pesa nyingi, mfuko wa mchele haununuliki. Lakini mzee anayekwenda kujiandikisha haulizwi amezaa wangapi. Anaulizwa umri tu na ukaazi. Bibi mmoja jirani yetu, asiye na mtoto, huichukua pesa yake anaifunga kwenye pindo la khanga, akipita dukani anatununulia njugu. Anasema hiyo ndiyo zawadi ya mwanawe.

Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, tunaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wa kike, na amtakaye wa kiume, na wengine wote wawili, na wengine huwajaalia kutozaa. Yote manne yamewekwa pamoja, kwenye pumzi moja. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, hakuzaa, na umma mzima unamwita mama.

Yule biharusi gauni lake tulimshonea. Hatukulikata pana. Tulimwomba radhi kwanza, kisha tukamwonesha namna ya kuweka mikunjo kuanzia chini ya kifua, rangi ya zambarau, ushanga mdogo mabegani ili jicho lipande juu. Alipokuja kulijaribu alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akauliza kama tunaweza kumbanisha kidogo kiunoni.